Yale Makombora ya Doha Yalikuwa ya Nani? Ndege, Makombora na Setilaiti za Mkandarasi wa Vita

Jumatatu ya tarehe 23 Juni 2025, yapata saa moja na nusu usiku, mpwa wangu anayefanya kazi Doha alirusha video kwenye kundi la familia. Sekunde chache tu. Paa la jengo wanalolala vibarua, anga jeusi, sauti ya mtu nyuma ikisema "oyaa, cheki kule, cheki kule", kisha vimulimuli vinapanda kutoka chini kimoja baada ya kingine, na huko juu nuru inapasuka kama balbu inayoungua. Iran ilikuwa imerusha makombora kuelekea kambi ya Al Udeid, wanakokaa wanajeshi wa Marekani nchini Qatar.

Kijana alipoandika kwamba yuko salama, ubishi ukaanza. Shangazi aliuliza swali jepesi: "Hayo yanayopanda ni ya nani?" Mjomba akajibu ni ya Marekani. Binamu akasema hapana, ni ya Qatar, wameyanunua kwa hela yao. Mwingine, ambaye hakosi jambo aliloliona mtandaoni, akasema si ya nchi yoyote. Ni ya kampuni, na kampuni ikikasirika inabonyeza kitufe huko kwao, yote yanazimika.

Kila mmoja alikuwa ameshika kipande. Tatizo ni kwamba shangazi aliuliza maswali matatu kwa mpigo bila kujua: nani kaunda, nani anamiliki, na nani mwenye uamuzi. Kwa sufuria au baiskeli, majibu huwa rahisi kuyatenganisha. Kwa ndege ya kivita hayatenganishwi kwa urahisi, na hapo ndipo watu wanapopoteana. Nitaichukua kampuni moja, Lockheed Martin ya Marekani, kwa sababu ndiyo inayoongoza duniani kwa mauzo ya silaha na kwa sababu inaunda vyote vitatu: ndege, makombora na setilaiti.

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Kampuni za namna hii ni wakandarasi wa ulinzi, na neno mkandarasi ulichukue vilevile unavyolijua mtaani. Mwenye kiwanja ni serikali. Yeye ndiye anayesema anataka nyumba ya vyumba vingapi. Mkandarasi anapewa kazi, analipwa kwa awamu, anawaingiza fundi umeme, fundi bomba na wa madirisha ya alumini. Nyumba ikiisha si yake. Hawezi kuipangisha wala kulala sebuleni. Lakini kuna kitu kinabaki kwake: yeye ndiye anayejua nyaya zimepita wapi ndani ya ukuta. Siku bomba likipasuka, utampigia yeye. Hilo lishike, tutalihitaji mbele.

Historia ya kampuni yenyewe si ndefu kuisimulia. Mwaka 1912 ndugu wawili wa California, Allan na Malcolm Loughead, walianza biashara ya ndege. Watu wakawa wanalivuruga jina lao kulitamka, mwishowe likaandikwa Lockheed. Mwaka huohuo Glenn Martin naye alianzisha ya kwake. Kila moja ilikwenda njia yake mpaka Vita Baridi vilipokwisha. Mwaka 1993 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwaalika wakuu wa makampuni ya silaha kwenye chakula cha jioni, wakaambiwa kwamba bajeti inashuka na wote hawawezi kubaki. Chakula kile kimebaki kinaitwa Karamu ya Mwisho. Wakaanza kuoana. Lockheed na Martin Marietta, ndivyo kampuni ya Martin ilivyokuja kuitwa, waliungana mwaka 1995, na kwa hesabu ya wizara yenyewe wakandarasi wakuu 51 wa miaka ile ya 90 leo wamebaki 5.

Mwaka 2024 Lockheed Martin iliuza bidhaa na huduma za dola bilioni 71. Katika kila dola 100, kama 73 zilitoka kwa serikali ya Marekani. Kwa hiyo ile picha ya duka la silaha, ambako mtu anaingia na begi la noti na kutoka na ndege, iondoe. Mteja mkubwa ni mmoja, naye ndiye anayeamua nani mwingine auziwe. Nchi ikitaka mfumo wa Patriot wa kudungua makombora au ndege ya kivita ya F-35 haiendi Bethesda, Maryland, yaliko makao makuu ya kampuni. Inapeleka maombi kwa serikali ya Marekani. Wizara ya Mambo ya Nje inapima, Bunge linaarifiwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1976, kisha serikali inaingia mkataba na serikali, na kampuni inapewa oda na serikali yake. Silaha nyingine zinaweza kuuzwa na kampuni moja kwa moja, ila hata hizo lazima zipate kibali.

Hii haimaanishi kampuni ni mtoto mtiifu asiye na sauti. Kazi za F-35 zimesambazwa katika zaidi ya majimbo 45 ya Marekani, na mbunge mwenye kiwanda jimboni kwake hapigi kura kirahisi ya kupunguza oda. Sidhani kama ramani ile ilichorwa kwa bahati. Wala si kweli kwamba mkataba wa serikali ni faida kila siku: Julai 2025 kampuni hii ilitangaza hasara ya dola bilioni 1.6 kwenye miradi yake, mkubwa kati ya hiyo ukiwa mradi wa ndege ambao hata jina lake ni siri.

Sasa turudi kwenye video.

Watu huchanganya roketi na kombora. Kwa wanaoziunda, roketi ni chombo kinachosukumwa na moto, basi; ukikirusha kimekwenda. Kombora ni roketi yenye kichwa cha kufikiri: linajua linakokwenda na linaweza kujisahihisha njiani. Hata makombora si ya aina moja. Yapo yanayopaa chinichini kama ndege ndogo, yakifuata mabonde. Na yapo ya balistiki, kama yale ya Iran usiku ule, ambayo husukumwa juu kwa nguvu, moto ukaisha, kisha yakaanguka kwa uzito wake. Ni jiwe la manati, ila jiwe lenyewe linashuka zaidi ya kilomita moja kwa kila sekunde.

Ulichoona kinapanda kwenye video ni kombora la kudungua kombora. Mfumo unaoitwa Patriot ni msafara mzima wa malori: rada, chumba cha amri, jenereta, na mitambo ya kurushia. Rada na mitambo ni kazi ya Raytheon, ambayo siku hizi inaitwa RTX. Kombora lenyewe linaweza kuwa la Raytheon, ambalo hupasuka karibu na adui na kummwagia vipande vya chuma, au PAC-3 ya Lockheed Martin, ambayo haitegemei kupasuka. Inakwenda kumgonga adui mwili kwa mwili. Umewahi kuona watoto wakitungua embe? Mmoja arushe jiwe, mwingine alipige jiwe hilo likiwa hewani, tena gizani. Ndiyo kazi yenyewe. Kombora hilo linaungwa Camden, mji mdogo wa Arkansas, na jicho lililo kwenye pua yake linatoka Boeing. Kombora moja, na tayari tumetaja kampuni tatu.

Qatar inao Patriot wake, na wanajeshi wa Marekani walioko kambini wana wao. Usiku ule walirusha wote. Jenerali Dan Caine, mkuu wa majeshi ya Marekani, alisema baadaye kwamba upande wao walibaki kama wanajeshi 44 tu wa kuilinda kambi. Kwa hiyo mjomba alikuwa sahihi, na binamu alikuwa sahihi.

Hapo pia kuna imani moja ya kuivunja: kwamba mfumo kama huu ni paa la zege. Rais Trump alisema makombora 14 yalirushwa na 13 yakadunguliwa. Wiki chache baadaye Wizara ya Ulinzi ilikiri kwamba moja lilipiga ndani ya kambi. Picha za setilaiti zilikuwa zimeshaonyesha kuba jeupe la mawasiliano limetoweka. Halafu kuna hesabu isiyosikika kwenye video. PAC-3 ya sasa inagharimu kama dola milioni 4 kwa moja, na mwaka mzima wa 2024 zilitoka kiwandani 500. Dunia nzima inazigombania hizo 500, Ukraine ikiwemo. Anayerusha kumi usiku mmoja ametumia zaidi ya wiki nzima ya kazi ya pale Arkansas, tena hapo hajui kama kesho yake kuna mengine yanakuja.

Tukifika kwenye ndege, yule ndugu yetu wa kitufe anapata zamu yake.

F-35 ilizaliwa kwenye shindano. Tarehe 26 Oktoba 2001 Lockheed Martin iliishinda Boeing, na ndege ya kwanza ikaruka Desemba 2006. Nyingi zinaungwa Fort Worth, Texas, kwenye ukumbi wenye urefu unaozidi kilomita moja, na nyingine Italia na Japani. Injini ni ya Pratt & Whitney, rada ni ya Northrop Grumman, mkia umetoka Uingereza kwa BAE Systems. Zimeshakabidhiwa zaidi ya 1,000.

Watu husema haionekani. Inaonekana, simama chini ya njia yake utaiona na masikio yataziba. Isipoonekana, basi ni kwa rada, na hata hapo ni kwa kiasi. Rada ni mtu anayepiga ukelele mbele ya jabali na kungoja mwangwi. Mwangwi ukirudi, anajua kuna jabali, na kwa muda uliopita anajua liko umbali gani. Umbo la F-35 limekunjwa ili ukelele uruke pembeni badala ya kurudi, na ngozi yake imepakwa kitu kinachomeza sauti kama godoro la pamba linavyomeza kelele chumbani. Mwangwi unaorudi ni mdogo mno, lakini si sifuri. Machi 1999, ndege ya kujificha ya kizazi kilichotangulia, F-117 ya Lockheed hiyohiyo, ilidunguliwa Serbia kwa kombora la Kisovieti la zama za kale.

Sasa kitufe. Machi 2025, baada ya Marekani kusitisha kwa muda silaha na taarifa za kijasusi kwa Ukraine, Ulaya ilianza kujiuliza kwa sauti: kumbe na ndege tulizonunua zinaweza kuzimwa? Ofisi ya mradi wa F-35 ilitoa tamko kwamba hakuna kitufe cha kuzimia. Naliamini tamko hilo, kwa sababu kitufe hakihitajiki.

Angalia ndege inavyoishi. F-35 inaruka ikisikiliza rada zote zinazoipiga, na kila sauti inailinganisha na kamusi iliyomo ndani yake: hii ni rada ya nani, ina hatari gani, pita huku. Kamusi hiyo inaandikwa na kusahihishwa kwenye maabara zilizoko Marekani, hasa kambi ya Eglin, Florida. Adui akibadili sauti ya rada zake na kamusi yako ikabaki ya mwaka juzi, ndege inaruka vizuri tu, ila inaruka ikiwa kiziwi. Vipuri vinaagizwa kupitia mtandao mmoja wa mradi. Programu za kompyuta ndizo zinazoamua silaha gani inaweza kubebwa, nazo zinatoka kwa mkandarasi. Hata Marekani yenyewe imeonja: kuanzia Julai 2023 Wizara ya Ulinzi ilikataa kupokea ndege mpya kwa karibu mwaka mzima, kwa sababu programu ya toleo jipya haikuwa tayari. Ndege zilikuwa zimekamilika, rangi imekauka, zimepangwa Fort Worth kama mabasi yaliyokosa leseni.

Kwa hiyo ukiigombeza Marekani leo, ndege yako kesho asubuhi itawaka. Mwezi ujao itahitaji kipuri. Mwaka ujao itahitaji kamusi mpya. Haizimwi, inachakaa. Ndiye yule mkandarasi anayejua nyaya zimepita wapi.

Waulize Waturuki. Uturuki ilikuwa mshirika wa mradi tangu mwanzo, iliweka hela, na viwanda vyake vilitengeneza vipande kama 900 vya ndege hiyo. Julai 2019 ikapokea mfumo wa S-400 kutoka Urusi. Marekani ikasema mitambo ya Kirusi ya kudungua ndege na F-35 haviwezi kukaa uwanja mmoja, ikaitoa kwenye mradi. Ndege zilizokwisha kuundwa kwa ajili yake zilikuwa bado ziko Marekani, na huko zikabaki. Mwaka 2020 Jeshi la Anga la Marekani likanunua nane kati ya hizo.

Israel ndiyo imepata nafasi ambayo wengine hawakuipata: ya kwao inaitwa Adir na wameruhusiwa kuingiza mitambo yao wenyewe ndani yake. Maana yake ni kwamba hata utegemezi una madaraja, na daraja lako linategemea wewe ni nani Washington. Kitaalamu hakuna sababu nyingine.

Kwetu huku ndege ya Lockheed tunayoijua si hiyo. Ni Hercules, lile dubwana la injini nne lililoruka mara ya kwanza mwaka 1954 na bado linaundwa Marietta, Georgia. Waliokuwa Uganda Julai 1976 wanakumbuka nne za Israel zilizotua Entebbe usiku kuokoa mateka, zikapitia Nairobi kujaza mafuta wakati wa kurudi. Waliokuwa Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, wanaikumbuka kwa lingine kabisa: magunia ya chakula yakimwagwa kutoka mlango wake wa nyuma juu ya Sudan Kusini. Ndege ileile, kazi mbili, na mkandarasi hakuulizwa kwenye yoyote.

Zimebaki setilaiti, na huku upotoshaji ni mwingi kuliko kwingine, labda kwa sababu hakuna anayeweza kupanda kwenda kuangalia.

GPS, ile inayomwelekeza bodaboda mpaka mlangoni kwako, ni mali ya serikali ya Marekani na inaendeshwa na wanajeshi wake wa anga za juu. Setilaiti zake za karibuni, GPS III, ziliundwa na Lockheed Martin kwenye kiwanda kilicho kwenye bonde nje ya Denver, Colorado. Ya kwanza ilirushwa Desemba 2018. Ziko kilomita 20,200 juu yetu, kila moja ikizunguka dunia mara mbili kwa siku.

Imani kubwa ni kwamba setilaiti hizo zinakuona. Hazikuoni. Jiweke Mji Mkongwe, Zanzibar, umefumba macho, na tuseme minara minne inaadhini kwa sekunde ileile bila kupishana. Sauti inachukua muda kufika, kwa hiyo wa karibu utausikia kwanza, wa mbali utachelewa. Kama unajua kila msikiti ulipo na una sikio la kupima kuchelewa huko, utajua umesimama uchochoro gani. Mwadhini wala hajui kama upo. Setilaiti za GPS zinaadhini saa, tena saa ya atomu, na simu yako ndiyo inayopiga hesabu. Anayejua ulipo ni programu uliyoiruhusu kwenye simu na mtandao unaokuuzia bando. Ugomvi wa faragha uupeleke huko.

Raia walifunguliwa mlango wa mfumo huu baada ya msiba: Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia anga ya Kisovieti na kudunguliwa. Rais Reagan akatangaza kwamba GPS ikikamilika, dunia itaitumia bure. Bado kwa miaka mingi jeshi liliwapa raia saa iliyotiwa kosa makusudi, mpaka Mei 2000. Leo simu ya kawaida husikiliza pia setilaiti za Ulaya, Urusi na China, kwa hiyo hata Marekani ikinyamaza hutapotea. Kinachowezekana zaidi ni mtu wa jirani kupiga kelele kuzidi mwadhini. Urusi imelifanya hilo Ukraine, na roketi za Marekani zinazoongozwa kwa GPS zimekuwa zikikosa shabaha.

Wakati mwingine nikiwaza haya naikumbuka Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, Waitalia na Wamarekani walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco baharini pale, wakaipa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa kuchunguza miale ya eksrei kutoka kwenye nyota. Roketi iliyoibeba, Scout, iliundwa na kampuni ya Texas ambayo tawi lake la makombora liliuzwa, likauzwa tena, na mwaka 1996 likaangukia mikononi mwa Lockheed Martin. Ni tawi hilohilo lililoleta PAC-3.

Shangazi alirudi kwenye kundi siku mbili baadaye na swali jingine: sasa hao wenye mitambo walijuaje, mbona walikuwa tayari? Ndipo nikamweleza za aina ya mwisho. Marekani ina setilaiti zinazoitwa SBIRS, nazo ni za Lockheed Martin. Zile kuu zimetundikwa karibu kilomita 36,000 juu, zikienda sawa na mzunguko wa dunia, hivyo ukizitazama ni kama zimesimama. Hazipigi picha za uso wa mtu. Zinatafuta joto. Kombora la balistiki linapowashwa, moto wake ni mkali kiasi kwamba unaonekana huko juu, na onyo linashuka na kusambazwa kwa jeshi huku kombora bado linapanda.

"Kwa hiyo kijana wetu alipotoa simu mfukoni..." akaandika.

Nikamjibu kwamba alipotoa simu mfukoni, shangazi, yale mambo yalikuwa yameshaonekana muda. Akatuma alama ya mikono iliyokunjwa, kisha akauliza kama mshahara wa mwezi ule umeingia.